Nani Atanigongea Kinu

Kibokoni,
Jumanne, baada ya alasiri

Zuhura mke wangu,

Salamu nilizitoa Ijumaa pale makaburini, nimesimama upande wa miguu yako, kwa hiyo hapa sizirudii. Kwenye barua watu huandika mimi ni mzima, hofu na mashaka ni juu yako uliye mbali. Nimelikalia neno hilo na kalamu mkononi nikaona haliingii. Wewe umeshapumzika na hofu. Mashaka yote umeyaacha hapa Kibokoni, na aliye mbali ni mimi.

Harusi ya Mwanaidi imepita. Ilikuwa juzi Jumapili, na jana asubuhi wamemchukua kwenda Lamu kwa mumewe. Nyumba imebaki na mimi, kinu chako, na yule paka uliyekuwa ukisema si wetu.

Utasema Athmani na barua wapi na wapi. Kweli, shule yangu iliishia darasa la nne, ingawa barazani niliwaambia la nane, na kwamba mwalimu mkuu alinisindikiza hadi barabarani akilia. Siku ile uligonga kinu kwa nguvu, nakumbuka, mpaka vikombe vikalia kabatini.

Kinu chako kiko pale pale mlangoni mwa jiko. Miaka ishirini na mbili mimi nikikaa nje barazani na wenzangu, wewe uko ndani na mapishi yako, na masikio yako yako nje na mimi. Nikizidisha maneno, waangusha mchi kinuni mara moja tu. Du. Nami najua, hapa nimepita mpaka, narudi. Unakumbuka ile ya meli ya Wagiriki? Niliwaeleza wenzangu kwamba meli imelala Kilindini siku tatu haiwezi kung'oa nanga kwa sababu jiko lake limeziba, na nahodha mwenyewe, na kofia yake ya dhahabu, akaja Kibokoni kwa miguu akiuliza fundi wa stovu Athmani yuko wapi. Nikalizibua jiko kwa sindano yako ya kushonea. Du. Basi nikasema, sawa, si nahodha, alikuwa mpishi wake. Du. Nikasema, na kwa hakika haikuwa meli hasa, ilikuwa tishari la mizigo. Ukanyamaza, nikajua hapo umeridhika. Wenzangu hawakujua kitu, walidhani watwanga vitunguu saumu. Hivyo ndivyo nilivyoamini mimi. Nitakuja hapo.

Uongo mmoja tu hukuugongea kinu kamwe. Ule wa mahamri.

Mtaa wote walijua mahamri ya nyumba hii, mpaka watu wa Ngomeni huko walikuwa wakituma sahani. Na mimi nilikuwa nikijinyoosha barazani nasema, hayo mnayoyala ni kazi ya mikono hii, yeye Zuhura anakaanga tu, mkandaji ni mimi. Nilikuwa nikisema halafu natega sikio. Kimya. Mara ya kwanza nilishangaa. Ya pili nikazoea. Mwisho nikaiamini hata mwenyewe, wallahi, nikawa nikiyatazama mahamri mezani nahisi mabega yanauma.

Sasa nikupe habari za tangu ulipoondoka. Mwaka mmoja na miezi miwili. Kazi imepungua. Huu mwaka wa tisini na tano kila nyumba inataka gesi, stovu wanaziweka chini ya kitanda. Mimi nasema barazani kazi ni nyingi mpaka nafukuza watu. Kweli yake ni stovu mbili kwa wiki, na moja ni ya Bi Rukia jirani, ambayo haina ubovu wowote, huileta ili aone kama nimekula. Nikirudi jioni bado napiga hodi. Nimesimama mlangoni kwangu na ufunguo mkononi nakohoa kama zamani, mwenye nyumba asije akakutwa bila mtandio. Halafu nangoja. Nimejikamata mara nyingi nangoja. Chai naimimina vikombe viwili, kile cha pili anakunywa Kazungu. Huyu Kazungu bado yuko reli, bado Mgiriama wa kanisani asiyekosa Jumapili, na bado kila jioni yuko barazani kwangu kabla hata mimi sijatandika mkeka. Yeye hakuacha kuja. Wengine wamepungua. Hadithi zangu zimekuwa ndefu mno, wanasema. Hazina pa kuishia.

Basi sikiliza jambo lenyewe.

Posa ya Mwanaidi ilipokubaliwa, watu wa Lamu wakaleta habari kwamba wao watafika Jumamosi, walale kwa jamaa zao, na Jumapili asubuhi waje hapa kwetu kunywa chai kabla ya nikaha. Kuozesha si haki yangu, wajua. Mimi ni mjomba, ndugu wa mama tu. Baba yake mdogo akaja kutoka Malindi na karatasi zake, na ndiyo haki. Tumemlea tangu ana miaka saba, tangu dada yangu alipofariki, wewe umemsuka nywele na mimi nimempeleka chuo cha Kurani nimemshika mkono, lakini siku ya siku anakaa mwingine mbele ya kadhi. Jioni ile barazani mmoja akaniuliza, bila ubaya, sasa yakhe, wewe katika harusi hii fungu lako ni lipi?

Nikakumbuka ulivyomwahidi mtoto. Alikuwa na miaka kumi, anakunja uso kwa sababu ya hamri moja lililoungua, ukamwambia, "Siku yako wewe, wageni watakula mahamri ya nyumba hii, na halitaungua hata moja." Nikasema fungu langu ni chai. Mahamri mia mbili, yatatoka hapa, kwa mikono hii. Nikatega sikio. Zuhura, kimya. Nikaendelea. Nikasema asiniguse mwanamke yeyote, hata wa kunishikia karai. Kimya. Nikasema nitawafunza Walamu mahamri ni nini. Ungegonga hapo, ningeteremka. Nilikuwa tayari kuteremka. Niliacha hata nafasi.

Kesho yake mtaa mzima wanajua. Bi Rukia akawakusanya wanawake akawagawia kazi, wewe pilau, wewe kachumbari, wewe maji ya matunda, na akamtuma Mwanaidi: "Mwambie mjomba wako jikoni tumemwachia nafasi. Mikono yake tunaingoja kwa hamu."

Hapo ndipo nilipoingia jikoni kwako kwa mara ya kwanza kama mtu mwenye kazi. Vitu navijua. Miaka ishirini na mbili naona unga, hamira, sukari, iliki, nazi. Nikakaa juu ya mbuzi nikakuna nazi, nikakuna na kidole, nikakamua tui kwa kifumbu, nikakanda kama ninavyokaza bolti za stovu, kwa nguvu na haraka, nikafunika. Asubuhi nikakaanga. Yalitoka mahamri ya kuezekea. Nikampa Kazungu moja akalizungusha mkononi, akauliza kama nataka akaliweke chini ya gurudumu la gari moshi tuone nani atashinda. Yaliyobaki nikayafunga gazeti nikampa mtu wa taka ayapeleke mpaka Kibarani, asiyaache njiani kunguru wakaniadhiri.

Mara ya pili nikasema kosa ni hamira, nikaitia mara tatu. Unga ukapanda mpaka ukabeba sahani uliyofunikiwa. Kazungu alipouma akafumba macho, akasema hili limemrudisha nyumbani kwao kabisa, ndani yake mna tembo la mnazi. Akaomba la pili kwa dhihaka.

Harusi ikabaki siku tisa. Nilianza kuamka usiku wa manane. Nilijiona nimesimama mbele ya Walamu na masinia ya mawe, na Mwanaidi ndani anasikia wanavyonong'ona, na anaondoka kwenda kwa watu na aibu ya kwetu. Ningeweza kwenda kwa Bi Rukia nikasema nimeshindwa. Hatua tano tu mpaka mlangoni kwake. Nilifika, nikamwuliza stovu inaendeleaje.

Mwanaidi ndiye aliyenikuta mara ya tatu, mikono imenasa ungani mpaka viwiko. Hakucheka. Alisimama pale penye kinu, akaniambia taratibu, kama mtu anayekukumbusha jambo ulilolisahau: "Mjomba, mkaza-mjomba akitia mkono tu unga unaanza Yasin. Akiimaliza ndipo anafunika. Hakuwa na saa nyingine."

Nikaibandua mikono ungani. Kila magharibi nilikuwa nikikusikia, sauti yako inatoka huko ndani, nami nikiwaambia wenzangu mke wangu ni mchaji, baina ya magharibi na isha yuko katika Yasin. Sikujua mikono yako iko wapi. Miaka yote hiyo najisifia kukanda, na sikujua hata unakanda lini.

Basi nikatia Yasin. Yasin naijua kwa moyo, chuoni nilikuwa wa kwanza. (Wa tatu. Tulikuwa watatu.) Nikaanza, nikakanda, nikamaliza, nikafunika. Asubuhi, magumu vile vile, ila sasa yalikuwa na rangi nzuri. Nikamwita Mwanaidi nikamwambia nimesoma yote, sikuacha hata herufi. Akaniambia nianze tena yeye asikilize. Nilipofika nusu akanizuia.

"Mjomba, hiyo ni Yasin ya makaburini."

Unajua maana yake. Ile ya wanaume waliosimama juani, kila mmoja anataka kumaliza arudi kazini. Na mimi kwa hiyo ndiye bingwa. Siku ya kukuzika wewe niliisoma nikawapita hata walimu, nikaimaliza wenzangu wako katikati, na hata matanga hayajesha nikajisifu barazani kwamba Mombasa nzima hakuna mwenye kasi kama yangu. Nilikuwa nikijisifu, Zuhura. Sikuwaambia kwamba nilikimbia kwa sababu niliijua ile aya ya salamu inakuja, ile uliyokuwa ukiirudia mara tatu na sauti unaishusha, na kwamba nikiiendea polepole nitakusikia wewe. Nikaipita mbio kama mtu anayepita mbele ya nyumba yenye mbwa. Tangu siku ile kila niliyokusomea niliisoma hivyo. Mwaka mzima nakutumia Yasin za mbio. Sijui zilikufikia katika hali gani.

Jumamosi jioni wageni wamefika, nyumba ya Bi Rukia imejaa wanawake, Mwanaidi yuko juu chumbani kwako amenyoosha miguu apakwe hina. Mimi jikoni. Nilikuwa na vyano sita vya unga. Vyano sita ni Yasin sita. Baada ya magharibi nikavua shati, nikatawadha, nikatia mkono.

Nilisoma kama ulivyokuwa ukisoma. Kila aya nairefusha, mkono unasukuma, aya inakwisha, nageuza donge. Unga ule kwanza ulikuwa unanishika, halafu pole pole ukaanza kuniachia. Nikafika pale penye salamu. Nikasimama. Mikono nayo ikasimama. Nikaona unga umeanza kukaza juu, nikajua huu haunisubiri, nikairudia mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, sauti chini. Kichwa nilikigeuzia ukutani ili unga usiingie maji ya chumvi, maana wewe mahamri hutii chumvi. Nikaimaliza. Nikafunika. Nikaanza ya pili. Na kila chano nilifika pale pale, na kila mara nilipita kwa miguu, sikukimbia.

Baadaye Bi Rukia alinieleza kwamba huko juu wanawake walikuwa wakiimba, Mwanaidi akawaomba wanyamaze kidogo. Walidhani hina imemchoma. Akasema hapana, anasikiliza jikoni.

Alfajiri nilipotoka msikitini nikawasha stovu zangu mbili, moto wa buluu, hazikutoa moshi hata kidogo, hilo najisifu na ni haki yangu. Nikasukuma, nikakata, nikatia la kwanza. Lilizama chini ya mafuta, likakaa huko. Nikasema innalillahi. Halafu likapanda, likageuka lenyewe, likafura kama mto wa kitanda kipya. Nilikaa juu ya kinu chako. Sikuwa na mtu wa kumwonyesha, nikamwonyesha paka. Zuhura, mahamri mia mbili, na yote yalifura. Yote. Hakuna hata moja lililoungua, na hakuna lililobaki bapa.

Walamu wakaja na kanzu zao zimepigwa pasi, wakakaa barazani na ndani ukumbini. Chai ya tangawizi, mbaazi za Bi Rukia, mahamri yangu. Nilisimama mlangoni na birika nikatazama vidole vyao. Hakuna aliyezungumza, na wewe ndiye uliyenifunza kwamba hiyo ndiyo sifa. Babu yake bwana harusi, Mzee Shee, mtu wa miaka themanini, alikula manne. Alipolipasua la tano akaliinua akatazama uwazi wa ndani, akaliweka chini, akauliza mtaani kwetu nani anayekanda hivi.

Baraza lote likanigeukia mimi. Kazungu aliweka kikombe chini, akakunja mikono, maana alijua sasa ndipo. Na kweli hadithi ilikuwa imeshanijia yote mdomoni, ilikuwa tamu, ilikuwa na sultani ndani yake na mpishi wa ikulu. Nikafungua kinywa nikasema, mzee wangu, mikono hii unayoiona... Nikatega sikio kule jikoni. Kwa mazoea tu.

Kimya, Zuhura. Kilikuwa kimya cha nyumba isiyo na wewe, nami nikakisikia kwa mara ya kwanza mbele za watu.

Nikasema: "Mkandaji wa nyumba hii alikuwa mke wangu, marehemu Zuhura binti Omari. Mimi sikuwahi kukanda hata siku moja ila wiki mbili hizi. Nilisema uongo miaka ishirini. Haya nimemwigiza."

Mzee Shee akakusomea Fatiha, na wote wakaitikia. Kazungu akainamisha kichwa chake cha kanisani pamoja nao. Wageni walipoondoka kwenda kwenye nikaha, akabaki ananisaidia kukusanya vikombe. Nikamwambia basi, umesikia, nimejiaibisha. Akacheka kwa upole.

"Yakhe, ya mahamri tulijua zamani. Sisi wote tulikuwa twasikiliza kinu. Bila kinu tungejuaje pa kuamini? Ya mahamri hakukigonga, tukasema huyu mama amemsamehe hii moja."

Zuhura, mtaa mzima! Walikaa miaka ishirini na mbili wanangoja kinu chako kama watu wanaongoja mizinga ya Idi, nami nikidhani ni siri yetu. Nilikasirika mpaka nikacheka, na nilipomaliza kucheka nikaingia jikoni nikakitazama kinu. Ndiyo maana walipungua kuja. Hawakuchoka na hadithi. Waliikosa sauti ya ndani.

Lakini Kazungu amekosea kidogo. Sidhani ulinisamehe. Nadhani uliiacha makusudi, ukasema huyu siku moja mikono yake itabidi iifanye kuwa kweli, na mimi sitakuwepo kumshikia chano. Kama ndivyo, ulinifanyia jambo zito. Ungeniambia mapema ningejifunza ukiwa umekaa hapo kwenye kibao unanicheka.

Jana wakati wa kuondoka Mwanaidi hakulia mbele za watu. Alipitia jikoni na baibui lake jipya, nikasikia mchi umeanguka kinuni mara moja, du, akatoka. Sikuwa nimesema neno. Nadhani alikuwa anaaga.

Basi haya ndiyo nitakayokuahidi, na usinisikilize kama wanavyonisikiliza barazani. Kila Alhamisi, baina ya magharibi na isha, nitatia mkono ungani. Chano kimoja kinatosha. Yasin itakuwa yako, kwa mwendo wako, na pale penye salamu nitasimama mara tatu hata kama kuna mtu mlangoni anapiga hodi. Itoke hapa ikufikie ikiwa nzima. Mahamri watakula wao Ijumaa baada ya sala. Nitawaambia ya nani.

Lala salama, mke wangu. Panua nafasi kidogo upande wa ukutani, nilikolala siku zote. Sina haraka ya kuja, lakini usimpe mtu.

Nilikuwa nimeshaikunja barua hii. Nimeamka, nimekwenda jikoni, nimeugonga mchi mara moja mwenyewe, nimerudi kuifungua.

Hayakufura yote. Kumi na manne yalibaki bapa. Niliyaficha chini ya kawa Walamu wasiyaone, na jana walipokwisha kuondoka nikayala peke yangu na chai. Yalikuwa matamu.

Ni mimi mumeo,
Athmani